Viti Viwili vya Ngozi Nyekundu

Hata sasa nikisikia harufu ya chuma kinachochomelewa, miguu yangu haitulii. Nairudia nyumba ya kupanga kule ugenini, mtaa wa Rosettenville, na ule ua ambako baba alikuwa akiliunda upya gari kuukuu. Alilikata paa likashuka, akapachika injini kubwa ya kunguruma, akang'oa madigadi, kisha akang'oa na kiti cha nyuma.

"Eish, gari la mbio halibebi mizigo," alimwambia mama.

Mimi nilipenda kulipapasa. Lilikwaruza kiganja na kuniachia unga wa kutu.

Kisha watu wakaanza kuwafukuza wageni kama sisi mitaa ya jirani. Mama alifunga mabegi, akayapanga mlangoni. Baba aliwasha injini asubuhi na hakuizima tena, akiogopa isije ikagoma. Vikombe vilitetemeka kabatini. Mimi nikawa naenda getini, narudi, naenda tena, hadi bibi akanishika mkono.

Alasiri jirani alipita mbio, akapiga kelele kwamba wale watu wamefika kona ya pili. Tukatoka sote: mama na mtoto mgongoni, bibi, na sisi watoto watano.

Mama alilizunguka gari, akasimama.

"Papa," alisema taratibu, "hawa batoto bote bataingia wapi?"

Baba aliviangalia vile viti viwili, alivyovishona mwenyewe kwa ngozi nyekundu. Aliingiza mkono, akazima injini.

Hapo ndipo tulipoanza kuwasikia.