Mlangamia wa Ua wa Minyaa

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, hapa hapa Bunia, mwaka ule tulipohamia kutoka Butembo. Dada yangu Furaha alikuwa na mtoto wake wa kwanza, upele mgongo mzima, analia mpaka sauti imekauka. Nyanya yetu, tuliyemwita Koko, aliwaogesha watoto wa namna hiyo kwa mlangamia, ile kamba ya manjano isiyo na mizizi ardhini, inayojizungusha juu ya miti na kunywa humo. Sharti lake lilikuwa moja: umletee pamoja na kipande cha tawi ulikoukuta. Mlangamia mtupu hakuupokea. Sisi vijana tulilicheka sana sharti hilo.

Siku hiyo Furaha aliuchuma mwenyewe, akauchemsha, akaupoza. Alikuwa anamvua mtoto nguo Koko alipoingia.

"Tawi yake iko wapi?"

"Niliacha kule, Koko. Mutoto analia!"

"Uliikata juu ya muti gani?"

"Ku lupango ya minyaa, hapa nyuma."

Mnyaa, ule wa kuzungushia ua, unaujua, mwanangu, maziwa yake yanavyochoma. Koko hakupiga kelele. Alipandisha mkono wa blauzi, akajimwagia yale maji, akangoja. Ngozi ikawa nyekundu, ikaanza kuvimba mbele ya macho yetu.

"Haina mizizi yake," akasema taratibu. "Inakunywaka mu muti yenye inapandia."

Furaha akaangua kilio. Nilidhani atagombezwa, kumbe Koko alimkumbatia kwa ule mkono mzima, akanituma mimi nikalete mlangamia wa mpera, na tawi lake. Jioni mtoto alilala. Lo, nilivyompenda yule mzee siku ile!

Leo umenijia na mfuko wa dawa za sokoni, mtoto mgongoni, na haraka ileile. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Muulize aliyekuuzia: mlangamia huu ulichumwa juu ya mti gani? Akikosa jibu, mwaga, tumpeleke mtoto kwa daktari, nitakusindikiza. Na kwa watu ni vivyo hivyo: kabla hujamwegemea mtu, tazama naye anakunywa wapi.

Koko alizikwa na alama ile ya kuungua mkononi. Ingekuwa mgongoni mwa mama yako, maana yule mtoto ndiye aliyekuzaa.

Mungu akupe mikono kama ya Koko, mwanangu, na mtoto wako alale.