Sauti ya nne katika maegesho ya Abu Hamour

Saa nane mchana, Ijumaa, na joto la Juni limewafungia watu majumbani. Chini ya jengo moja la maduka huko Abu Hamour, jijini Doha, Qatar, katika maegesho matupu yenye pikapu moja tu iliyofunikwa vumbi, wanaume watatu wamesimama wakitazamana.

Silvesta Mukhwana, mlinzi wa maegesho haya, anavuta pumzi na kutoa sauti nyembamba ya juu. Harun anaifuata chini kidogo. Mwaura anaziba pengo la katikati. Hakuna gitaa wala ngoma; ni vidole tu vinavyodata taratibu.

Kwenye ubeti wa pili, sauti ya nne inaingia. Ni nzito, ya kifuani, nayo inatokea upande wa nguzo iliyo nyuma ya Silvesta. Mwandishi wa makala haya anageuka kutazama. Nyuma ya nguzo hakuna mtu.

"Kumbe hata wewe umemsikia," Silvesta anasema wimbo ukiisha. Hatabasamu. "Huyo ni Ombati. Tulimpoteza mwaka jana, Agosti."

Silvesta alitoka Bungoma mwaka 2008. Mtindo huu wa kuimba aliupata utotoni kwa mjomba wake, dereva wa Nairobi ambaye tajiri wake alipohama alimwachia sanduku la santuri. Nyingi zilikuwa za vikundi vya vijana weusi wa Marekani, za miaka ya arobaini na hamsini.

"Mjomba aliniambia hao walikuwa watoto wa mtaani tu," anasimulia. "Pesa ya gitaa hawakuwa nayo. Walisimama kwa kona, chini ya ngazi, popote penye ukuta unaorudisha sauti. Mmoja anakuwa ngoma, mwingine tarumbeta, mwingine analilia mapenzi. Kabla hujajua, wako kwa redio nchi nzima."

Alikuja Doha na nyimbo hizo kichwani, bila mtu wa kuimba naye. Mwaka 2011 alihamishiwa chumba kimoja huko Najma na Ombati, mlinzi mwenzake kutoka Nyamira. Jioni ya kwanza alimkuta akipiga pasi sare huku akinguruma "du-du-du" kooni.

"Nikaweka sauti ya juu," Silvesta anasema. "Akaacha pasi. Shati likaungua, na sisi tunaendelea."

Mwaura, mpishi wa hoteli, alivutwa na kelele za chumba cha pili. Harun, dereva kutoka Uganda, waliokotana naye kanisani, mtaa wa Mesaimeer. Muda si mrefu wakawa wanaitwa kwenye harusi na sherehe za Wakenya na Waganda, na watu walikuwa wakiwaulizia kwa jina la besi wao, mwimbaji wa sauti nzito: "Wale wa Ombati wanakuja?"

Kisha, asubuhi moja ya Ijumaa, Ombati hakuamka.

"Nilimwita aende bafu, zamu yake imefika," Silvesta anasema. "Nikamvuta mguu. Ulikuwa baridi kama sakafu." Hakuwa mgonjwa. Waliambiwa moyo ulisimama, basi. Mwili ukasafirishwa kwenda Nyamira, na wao wakabaki na kitanda kitupu.

Walikaa kimya hadi Oktoba. Walipojaribu tena, hapa hapa kwenye maegesho, Harun aliacha kuimba katikati ya wimbo na kukimbilia gari lake.

"Nilifunga vioo vyote," Harun anakumbuka. "AC nimezima, na bado natetemeka. Mtu aliimba karibu na sikio langu, ssebo, bwana wangu, na ninajua sauti yake."

Walimweleza Virginia, mwalimu wa muziki anayeongoza kwaya kanisani. Yeye aliwatuliza. Sauti za juu zikikaa sawasawa kabisa, alisema, sikio hujitengenezea noti nyingine ya chini. Waimbaji wazoefu wanalijua jambo hilo. Ila alipokuja kusikiliza mwenyewe, aliondoka akiwa ameukumbatia mkoba wake.

"Ile noti niliyowaeleza haina maneno," Virginia anasema. "Hii inatamka."

Hata hivyo, hawakuacha. Silvesta anakiri kwamba walianza kumngoja. Abubakari, bawabu wa hoteli kutoka Tanga mwenye besi ya kutetemesha vikombe, aliomba kujiunga. Wakamzungusha miezi mizima.

Mwezi uliopita walimpigia simu Kwamboka, mama yake Ombati, wamwimbie kidogo.

"Huyo wa chini ni nani?" mama akauliza walipomaliza.

"Hakuna wa chini, mama. Tuko watatu."

"Silvesta, mimi ndiye nilimzaa. Usinidanganye." Kisha akasema polepole, kama mtu anayetoa maagizo ya shamba: "Mwambieni amefika nyumbani. Tulimzika vizuri, kando ya baba yake. Labda hajui. Na mtafute mtu ashike kazi yake. Mtu hawezi kupumzika kazi ikimngoja."

"Kumwambia ni kumfukuza," Silvesta anasema. "Nani angeanza?"

Ijumaa iliyofuata, mwandishi anarudi. Abubakari yupo, hatimaye wamemwita; ametoka msikitini, kanzu yake ikiwa bado imenyooka. Anaonyeshwa pa kusimama, karibu na nguzo. Anafika, anasita, kisha anarudi nyuma.

"Hapa siwezi, kaka," anasema. "Pana baridi."

Mwaura anampisha nafasi kando yake. Silvesta anaigeukia nguzo, kofia mkononi. "Ombati," anasema. "Umefika kwenu, ndugu. Mama amesema. Uko kando ya baba."

Taa moja ya dari inavuma. Mwaura anadatisha kidole, na wanaanza. Abubakari anaingia na besi pana, yenye lafudhi ya Tanga, tofauti kabisa na ile nyingine. Wanaimba hadi mwisho; upande wa nguzo hakutoki sauti. Wanaponyamaza, maegesho nayo yananyamaza.

Silvesta anakaa chini kwenye saruji na kulia kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Harun anamshika bega. Abubakari anaangalia pembeni kwa heshima.

Mkataba wa Silvesta unaisha Desemba. Wenzake wameomba likizo wakati huo huo, na Abubakari, ambaye hajawahi kufika Kenya, amekubali kwenda nao. Wanataka kumwimbia Kwamboka uani kwake, mchana, watu wote wakiwaona.

"Mama atafumba macho asikilize," Silvesta anasema huku akifuta uso kwa kofia. "Ninachoomba kwa Mungu ni kimoja. Akihesabu sauti, apate nne tu."