Pikapu ya Bwana Kawaida

Mke wangu hasahau. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nimekuja kumsifia upole. Ukimkosea Jumatatu atakupikia, atacheka nawe, atakuuliza habari za kazi mpaka Ijumaa, halafu Jumamosi ukishajiona umepona anakurudishia ulichosema, neno kwa neno, pamoja na rangi ya shati ulilokuwa umevaa. Yeye ni fundi magari. Mimi ni fundi viti: nashona makava na kubadilisha sponji katika kibanda kilichopakana na gereji yake. Katikati yetu kuna ukuta wa mabati tu, kwa hiyo anachogonga nakisikia, na ninachonung'unika anakisikia.

Wateja humwita Fundi Mama. Gari likipita barabarani anaweza kukuambia beringi ya gurudumu lipi imekufa. Akisikiliza hufumba jicho moja, sijui kwa nini moja. Spana zake zimetundikwa ukutani kwa ukubwa, na ole wake atakayerudisha namba kumi na tatu mahali pa kumi na nne. Mimi nimewahi kulala sebuleni kwa kosa hilo.

Vinyongo vyake vingi ni vya rejareja. Kimoja tu kilikuwa cha jumla, na kilikuwa cha mtu mmoja.

Kabla ya gereji hii alikuwa fundi katika kampuni inayouza pikapu mpya. Mkuu wa karakana alikuwa bwana nadhifu, kola nyeupe, kalamu mbili mfukoni, na mafundi walimpachika jina la Bwana Kawaida. Mteja akija kulalamika kwamba gari lake jipya linavuta kushoto, jibu lilikuwa, "Hiyo ni hali ya kawaida." Linanuka plastiki inayoungua? Kawaida. Linatetemeka barabara kuu? Kawaida, litazoea. Aliyaandika hayo kwenye kadi ya kazi, akapiga mhuri, na mteja akaondoka akijiona mshamba.

Miaka tisa iliyopita kaka yake mke wangu, shemeji yangu, seremala, alinunua pikapu pale kwa sababu dada yake yupo. Haikupita wiki ikaanza kutetemeka kila akifika mwendo wa mia. Akaipeleka. Mke wangu akaingia chini, akaona kwamba propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu za injini kwenye magurudumu ya nyuma, ilikuwa imeunganishwa vibaya tangu yadi ya kampuni. Akamwambia Bwana Kawaida. Bwana Kawaida akasema gari litoke. Wiki ya sita propela ilichomoka safarini, ikachimba lami, pikapu ikabiringika na milango yote aliyopakia, na shemeji akakatwa mguu chini ya goti. Kisha ikaandikwa ripoti, na ripoti ilisema fundi alikosea kufunga propela. Mke wangu alifukuzwa kabla ya saa nne asubuhi. Shemeji alisomewa ripoti ile akiwa kitandani hospitali, na tangu siku hiyo hakumsemesha dada yake. Wakikutana msibani anapita upande wa pili wa maturubai.

Kwa hiyo mke wangu alikuwa na haja moja tu duniani: yule bwana asimame mbele ya kaka yake aseme ukweli. Mimi haja zangu zilikuwa nyingi zaidi. Nilitaka pia aanguke ngazi, apoteze meno, na asahauliwe na watoto wake. Kila mtu na roho yake.

Basi Jumamosi moja saa tatu asubuhi ikaingia pikapu mpya nyeupe, ya milango minne, viti bado vina nailoni. Akashuka mzee mwenye kola nyeupe. Mimi nilimjua papo hapo. Nilimwona mara moja tu maishani, siku nilipokwenda kuchukua spana za mke wangu, akanisimamisha getini na kunisukumia boksi kwa mguu. Yeye hakunijua. Nani anakumbuka uso wa mtu aliyemsukumia boksi?

"Fundi, nasikia wewe ni bingwa wa viti," akasema.

"Wanasema hivyo, mzee. Kiti kinakusumbua?"

"Kinatetemeka. Nikifika mia, mia na kumi, mwili mzima unawasha. Mke wangu hataki tena kupanda. Nimestaafu juzi tu, gari nimelitoa kampuni yangu mwenyewe, na wamebalansi matairi mara nne. Mara ya tano wakaniambia sponji ya kiti kipya haijakaa. Eti hali ya kawaida."

Nilijing'ata ulimi mpaka machozi yakanilenga. Nikajifanya nabonyeza sponji, nikabonyeza tena, mpaka sauti yangu iliporudi.

"Fundi!" nikaita juu ya mabati. "Kuna kiti huku kinatetemeka."

"Viti ni vyako," akajibu kutoka chini ya gari.

"Hiki ni chako."

Akaja akifuta mikono kwa kitambaa. Alipomwona hakushtuka. Aliendelea kufuta, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka vikaisha vyote kumi.

"Kumbe uko hapa," akasema Bwana Kawaida, na kola ikaanza kumbana.

"Niko hapa, bosi. Twende tukaisikie."

Alichungulia chini kwanza, akaikamata propela na kuitikisa, akahakikisha bolti zimekaza. Kisha akakaa yeye kwenye usukani, mzee pembeni, mimi nyuma. Hakuna aliyenialika, lakini hata kwa kamba nisingevutwa nikashuka.

Mpaka themanini pikapu ilikuwa imetulia. Tisini na tano ikaanza kunong'ona sakafuni. Mia na kumi kioo cha pembeni kikawa hakionyeshi kitu, magari ya nyuma yamekuwa ukungu, na nailoni ya kiti changu inalia.

"Usukani huu hapa, umetulia," mke wangu akasema. "Yangekuwa matairi ya mbele, mikono ingejua. Sasa hivi wanaojua ni makalio. Bosi, yako yanajua?"

"Yanajua."

"Sikusikii."

"Yanajua!"

Akatia nyutro. Mngurumo wa injini ukashuka, pikapu ikaserereka yenyewe, na mtetemo ukabaki vilevile.

"Injini imelala, bado tunatikisika. Kwa hiyo siyo injini. Au, bosi, una uhakika siyo wewe unayetetemeka?"

Swali hilo lilikuwa la Bwana Kawaida mwenyewe. Aliwahi kumuuliza mama mmoja mtu mzima mbele ya foleni nzima, na mafundi wakacheka kwa sababu ni mkuu aliyeuliza. Mzee alitazama dirishani. Mimi nilicheka kwa niaba ya yule mama.

Tulirudi, mke wangu akabadilisha magurudumu ya mbele yakaenda nyuma, ya nyuma yakaja mbele, akampeleka tena mia na kumi. Mtetemo haukuhama hata kidogo, kwa hiyo matairi nayo hayana kesi. Hatua hiyo angeweza kuiruka. Alishajua tangu mwanzo. Alimzungusha kwa raha zake tu, na kila alipopita kwenye mabonde barabarani hakupunguza mwendo.

Saa tano na nusu pikapu ilikuwa juu ya vigingi.

"Lala chini, bosi. Uniambie unaona nini."

"Wewe si ndiye fundi?"

"Kwenye ripoti yako mimi ndiye nisiyejua propela. Lala."

Boksi la kulalia lilikuwa limeegemea ukuta na hakumpa. Mzee akalala na shati lake jeupe kwenye sakafu iliyokunywa oili miaka yote hiyo. Miguu yake ilibaki nje, soksi zimelingana, na mimi nikavuta kigoda nikae vizuri.

Propela ya pikapu ile ni vipande viwili vinavyoingiliana kwa meno. Kila mwisho una uma wa chuma, na uma hizo lazima zitazame upande mmoja. Ukirudishia ukakosea meno mawili matatu, mjini hutajua kitu, ila ukishika barabara kuu kila kitu kinatikisika, na ukiendelea hivyo na mzigo, mwisho inakatika. Ndiyo maana fundi anayejua kazi, kabla ya kufungua, huweka alama ya rangi.

"Unaona nini?"

Sauti ikatoka chini, ndogo. "Uma hazijalingana."

"Alama ya rangi iko wapi?"

"Hakuna."

"Nani alianzisha mtindo wa kuvuta magari mapya kutoka stesheni ya reli, propela imefunguliwa, wakifika yadi wanabandika tu?"

"Ilikuwa kuokoa muda."

"Sikuuliza kwa nini. Nani? Na nani alisema rangi zinachafua gari jipya?"

Miguu yenye soksi zilizolingana ikajikunja.

"Mimi."

Nilitamani siku hiyo isiishe. Sitadanganya kwamba nilimwonea huruma. Alipotoka, mgongo mzima wa shati ulikuwa mweusi, kola imevimba jasho, akauliza kama itachukua muda mrefu.

"Dakika arobaini," mke wangu akasema. "Lakini kuna mahali tunaanzia. Utamwambia kaka yangu haya uliyoniambia mimi. Ukimaliza, naifunga hapo hapo mbele yako."

"Naweza kuipeleka kwingine."

"Peleka. Milima unaijua, madaraja unayajua. Na inavyochomoka unajua kuliko wote."

Akafikiri kidogo, kisha akafungua mlango wa abiria mwenyewe.

Tulikwenda kwa mwendo wa arobaini, spana zikiwa miguuni pangu. Mke wangu alikuwa amejifunga kitambaa kipya kichwani. Mara mbili alijitazama kwenye kioo, kitu ambacho hakifanyi hata tukialikwa harusini.

Karakana ya shemeji ina harufu ya mbao mbichi na gundi. Alikuwa ameketi kwenye stuli ndefu, gongo lake la kutembelea limelazwa kando, anapiga randa mlango. Aliponiona akatabasamu. Alipoona niliokuja nao akaacha kutabasamu, ila hakuacha randa.

"Kaka, shikamoo," akasema mke wangu. Hakujibiwa. Akamsogeza mzee mbele kwa kidole kimoja mgongoni. "Sema."

Na Bwana Kawaida akasema. Sikutegemea angesema vizuri vile. Alisema propela iliunganishwa vibaya na watu wa yadi, kwa utaratibu wake yeye. Alisema dada mtu aliliona kosa siku ile ile gari lilipoletwa, akamwambia kwa mdomo, akamwandikia na kwa karatasi, naye akaichana karatasi na kuamuru gari litoke kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Ripoti aliitunga yeye. "Dada yako hakukosea chochote," akamalizia, na macho yake yakabaki kwenye takataka za randa sakafuni.

Miaka tisa! Nilitaka kupiga vigelegele, mwanamume mzima. Nilimtazama mke wangu, alikuwa ameng'aa, mikono imeshikana kifuani, anamsubiri kaka yake ainue uso.

Shemeji akaiweka randa chini. Akamtazama dada yake kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nilijua, kaka! Siku zote nilijua. Nilimwambia, nikamwandikia kabisa."

"Ulimwandikia yeye."

"Ndiyo."

"Mimi nilipokuja kuchukua funguo, wewe ndiye uliyenipa. Nikakuuliza pale getini, naweza kupakia milango? Uliniambiaje?"

Mikono ya mke wangu ikashuka kutoka kifuani. Nilimgeukia. Miaka tisa tumelala kitanda kimoja, nimeisikia hadithi ya karatasi ile mpaka naijua kwa moyo, na swali hilo halikuwahi kunijia kichwani.

"Kazi ilikuwa mpya, kaka. Yeye alikuwa amesimama dirishani ananitazama. Nilidhani wiki ile ile ningekutafuta nyumbani, nikuambie pembeni."

"Uliniambiaje?"

"Nilikuambia pakia."

Bwana Kawaida alikuwa bado amesimama kati yetu na shati lake jeusi mgongoni, na hakuna aliyekuwa na haja naye tena. Shemeji alipangusa vumbi la mbao kwenye goti la mguu mzima, akalipangusa sana.

"Watu wote nimewaambia dada yangu alikosea bolti," akasema taratibu. "Fundi anakosea. Hata mimi nakata mbao fupi. Wiki iliyopita nilimwambia mke wangu, nitamwita dada yangu, kosa ni kosa, yaishe."

Akaokota randa, akaupindua mlango upande wa pili.

"Shemeji," akaniambia, "mchukue mkeo."