Wagonjwa wa Januari Mosi

Zahanati iko Gurei, pembeni mwa Juba, na mfumo wake wa kompyuta niliutengeneza mimi, kwa lugha ya PHP, nikajivuna nao, Mungu anisamehe. Muuguzi akiandika jina la mgonjwa na tarehe ya kuzaliwa, maneno hayo hukaa mwishoni mwa anwani ya ukurasa, baada ya alama ya kuuliza. Hapo ni maneno matupu tu. Basi niliandika msimbo wa kuyadaka na kuyageuza kuwa mtu kamili: umri wake, maradhi yake, dawa zinazomdhuru. Kurasa nyingine zinampokea hivyo hivyo, haziulizi tena.

Na wakilingana wawili? Nikaandika: chukua wa kwanza. Nani, bwana, atalingana na mwenzake jina na siku ya kuzaliwa? Nilijaribu kwa majina ya marafiki zangu wa Nairobi, ikakubali, nikaenda zangu mtaa wa Hai Cinema kula samaki.

Mjinga mimi! Miaka yote hii niko Juba, na nusu ya watu ninaowafahamu wamezaliwa Januari mosi. Waliozaliwa wakati wa kukimbia vita, wakakulia kambini Uganda, hakuna aliyewaandikia siku. Wanakisia mwaka, karani anajaza Januari mosi. Hata mwenye nyumba wangu ni wa Januari mosi, na huwa namtania kwamba siku hiyo Juba nzima ingekosa keki. Nilijua kabisa. Sikufikiri tu.

Akaja mama mmoja mkulima wa Rejaf, ana kidonda mguuni. Msimbo wangu ukamleta mwenzake wa jina lile lile na Januari mosi ile ile, asiyedhuriwa na dawa yoyote. Muuguzi akasoma, akamchoma penisilini. Mama akavimba uso, pumzi ikaanza kukatika. Walimwokoa, lakini ilibaki kidogo tu afe.

Daktari mkuu akaniita niukague mfumo. Kosa nililiona kabla chai haijapoa, nikalirekebisha: wakilingana wawili, ukurasa uwaonyeshe wote na kungoja muuguzi achague. Kazi ndogo, aibu tupu. Bado nimeinama kwenye kompyuta, nikamsikia daktari nyuma yangu akimwambia yule muuguzi, "Kompyuta haikosei, dada. Ni macho yako. Leo ndiyo mwisho wako hapa."

"Daktari, mimi iko nasoma vizuri," dada akasema kwa Kiswahili chake cha Uganda. "Ilisema hakuna shida."

Niliogopa, basi. Nikajiambia nitamweleza daktari baadaye, faraghani, kwa maneno mazuri, huku najifanya nachapa.

Dada akaenda wodini. Roho ilinisuta, nikamfuata hadi mlangoni, daktari naye akaja. Tukamkuta amepiga magoti kando ya kitanda cha mama, kama alivyolelewa huko Uganda kuwaheshimu wakubwa.

"Malesh, mama, nisamehe," alikuwa akilia. "Ni mimi nilikosa."

Mama alikuwa amemwekea mkono kichwani. Hapo nikashindwa kujizuia.

"Si yeye," nikasema. "Daktari, kompyuta ilikosea, na niliyeikosesha ni mimi. Mama, ni mimi niliyekufanyia hivi."

Mama akageuka, akanitazama kwa jicho moja lililoweza kufunguka, akanikagua tangu viatu hadi uso.

"Wewe?" akasema. "Wewe nani? Mimi sijawahi kukuona."