Mkono Alioinua Mama Pindo

"Umesikia? Mama Pindo kamkana Mungu. Mbele ya kanisa zima, na kipaza sauti mkononi!"

Aliyeniambia hayo ni jirani yangu muuza mkaa, Jumatatu asubuhi, akinipimia kopo langu. Yeye hakuwepo kanisani. Jumapili ndiyo siku yake ya kupokea magunia. Mimi nilikuwepo. Nilikaa benchi la mwisho karibu na mlango, mahali petu sisi wenye watoto wanaolia, na niliona yote. Lakini nilipokea mkaa wangu nikanyamaza, maana yule mama ukimbishia anakupimia vumbi na chenga. Njiani, mtoto mgongoni, nikajisuta. Basi nitasema nilichokiona.

Mama Pindo ni fundi wa nguo. Jina hilo alipewa na wateja kwa namna anavyokunja pindo: ukiligeuza gauni aliloshona, ndani ni safi kama nje. Chumba chake ni kimoja. Cherehani iko dirishani, kitanda nyuma ya pazia, na ukutani zinaning'inia nguo zinazowasubiri wenyewe. Mwaka juzi alipatwa na kiharusi upande wa kulia, mkasi ukiwa katikati ya kitambaa cha sare. Mguu ulirudi baada ya miezi mitatu. Mkono ukagoma.

Mwingine angeuza cherehani. Yeye alijifunza upya. Miguu inakanyaga kama zamani. Gurudumu analianzisha kwa mkono wa kushoto, akiupitisha mbele ya kifua, halafu anaukimbiza kwenye kitambaa kabla sindano haijapotea njia. Mkono wa kulia anaunyanyua kwa huo wa kushoto na kuulaza juu ya nguo, kama mtu anayeweka jiwe karatasi zisipeperuke. Ukimwonea huruma anakukatiza:

"Huyu bwana siku hizi ni msimamizi. Kazi yake kukaa tu."

Kila Jumatano wanawake wa kanisa letu husali chumbani mwake, mwaka wa tisa sasa. Mimi nilianza kwenda nikiwa na mimba ya huyu mtoto, naogopa kuzaa, na ni yeye aliyeniambia Mungu hachoki kumsikiliza mtu mwoga. Akiomba hapambi maneno. Anaongea na Mungu kama anaongea na mume waliyezeeka pamoja: anashukuru, analalamika, ananyamaza, anashukuru tena. Kuhusu mkono husema, "Baba, bado nauomba. Ukininyima, wewe ni Baba yangu vilevile. Lakini nauomba."

Sasa, Jumapili ile alikuja mhubiri mgeni, na alikuwa ameshaambiwa kwamba kuna fundi aliyepooza mkono wa kulia. Alipomaliza kuwaombea wagonjwa akasema, aliyeguswa ainue kiungo kilichokuwa kinauma. Papo hapo kwaya ikaanza wimbo wa sifa ambao Mama Pindo anaupenda sana, naye akainua mkono, kama anavyoinua siku zote akiimba. Wa kushoto. Lakini mhubiri alikuwa anamtazama uso kwa uso, na ukitazamana na mtu hivyo, kushoto kwako kunaangukia kulia kwake. Akaruka juu.

"Umeinuka! Mkono wa kulia umeinuka!"

Kanisa likalipuka. Vigelegele, miguu, viti vikaanguka. Hata mwanangu akaacha kulia kwa mshangao. Wakamvuta Mama Pindo hadi mbele, wakamtia kipaza sauti katika mkono uleule.

Akakisogeza mdomoni. Kisha akasema, polepole, kama anayemweleza mteja kosa la kipimo:

"Mtumishi wa Mungu, samahani. Huu ni wa kushoto. Wa kulia ni huu hapa, bado umelala."

Watoto wakacheka. Watu wazima wakatazama viatu vyao. Mhubiri akamwinamia kumnong'oneza, lakini kipaza sauti kiliyabeba yote:

"Mama, kiri tu kwa imani. Sema umepona, na mkono utafuata."

"Ukipona nitasema," akajibu. "Leo nikisema, nitakuwa namsingizia Mungu."

Akarudisha kipaza sauti, akaenda kukaa. Hayo ndiyo muuza mkaa anayaita kumkana Mungu.

Mchana wa Jumatatu hiyohiyo nikampelekea shati la mtoto la kupunguza. Nilimkuta na mzee wa kanisa, ambaye ni fundi saa, ameketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayetaka kuondoka lakini ametumwa. Ni mtu mwema. Siku niliyoshikwa na uchungu ndiye aliyekimbia kumwita mkunga.

"Dada, hakuna anayekuomba uongo," alikuwa anasema. "Ni kukiri tu. Jumapili ijayo usimame, useme neno dogo. Mgeni wetu ameondoka na aibu."

"Aibu yake nitaiombea, kaka. Kuiziba kwa kiraka cha uongo, hapana."

"Wachanga wa imani wanakutazama wewe."

"Ndiyo hapo! Wakinitazama waone nini? Mkono umelala, mdomo unasema umeamka?"

Fundi saa akakohoa. "Kamati ya kanisa imesema ukikataa, sala za Jumatano zihamie nyumbani kwa katibu wake."

Miguu ya Mama Pindo ikasimama juu ya kanyagio la cherehani. Hilo lilimwingia, niliona. Alitazama sakafu, pale tunapokaa kila wiki.

"Miaka tisa," akasema. Kisha akainua kichwa. "Hebu niambie, kaka. Saa ya mteja ikigoma, huwa unasogeza mishale kwa kidole, unamkabidhi, unamwambia imepona?"

"Kazi yangu usiitie humo."

"Nijibu."

"Sifanyi hivyo."

"Basi na mimi sifanyi."

Fundi saa akatabasamu bila kupenda, akaokota kofia yake. Alipofika nje akageuka. "Jumatano ni kwa katibu, dada. Nisamehe."

Tulipobaki wawili alichukua shati la mtoto, akaligeuza, ameinamisha kichwa. Nikadhani analia. Kumbe alikuwa na hasira.

"Unafikiri sikutaka?" akaniambia. "Kile chombo kilivyofika mdomoni, watu wote wamesimama kwa ajili yangu, mimi niliyezoea kuonewa huruma! Ulimi ulishasema 'Ni...' Nusu ya neno, mwanangu. Ningeimalizia, leo ningekuwa nabebwa juujuu. Halafu nikirudi hapa nipige magoti nimwambie nini? 'Baba, nauomba mkono'? Si angeniuliza, 'Mbona ulishatangaza nimekupa?'"

Sikuwa nimelifikiria hilo.

"Mkono nimeukosa, sawa. Lakini kuomba kwangu simpi mtu. Wala mhubiri, wala kamati."

"Wakisema huna imani, mama?"

"Asiye na imani angeomba kitu kimoja miaka miwili? Angeshachoka zamani, akalala." Akaulaza mkono wa kulia juu ya shati, akalizungusha gurudumu, pindo likaanza kutembea. Alishona hadi mwisho, akakata uzi kwa meno, akanipa. Nilipomfunga mtoto mgongoni niondoke, akanishika kanga.

"Mwanangu, keshokutwa ni Jumatano. Kule kwa katibu watatazama nani hayupo, na mumeo ataulizwa. Najua. Sikulazimishi. Lakini nakuomba uje hapa saa ileile. Uje na mtoto, akilia alie. Na ukishaingia, mlango usiufunge. Nataka kila apitaye asikie ninachokiomba."