Nilimulika maziwa kwa taa ya UV ili ng'ombe wa Koko asikauke

Wakuu, jambo zenu kutoka Bukavu. Haya yamenitokea mwenyewe, na mke wangu ameyasoma kabla yenu, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi siwezi.

Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha maji ya chupa hapa Nguba. Kazi yangu ni taa ya UV. Maji yanapita kando yake, mwanga unaua vijidudu, basi. Taa ina rangi ya bluu hafifu, na miaka yote nimejiona kama mtu aliyeajiriwa kulinda kipande cha alfajiri.

Mnisamehe, mimi ni mtu wa kuota.

Mke wangu, Nabintu, alipoteza mimba yetu ya kwanza baada ya homa ndefu. Nesi alituambia huenda ni maziwa mabichi. Aliposhika mimba ya pili tukaonywa: yasiyochemshwa, hata tone, hapana.

Sasa, bibi yake, tunamwita Koko, ana ng'ombe mmoja kule Mudaka. Mjukuu akiwa na mimba, Koko analeta bidoni la maziwa kila Jumamosi, anakaa kumtazama akinywa.

Na maziwa yake hayawekwi motoni. Wazee wa huko wanaamini ukiyachemsha, chuchu za ng'ombe zinapasuka na anakauka. Ng'ombe huyo ndiye aliyemsomesha Nabintu. Nani angemwambia Koko?

Jumamosi mbili Nabintu alisingizia kichefuchefu. Koko akaanza kununa.

Nikaomba taa ya akiba kazini. Mchana mmoja wa mvua nikafunga mapazia, nikamimina maziwa kwenye sufuria, nikaitundika taa juu yake. (Msiitazame, inaunguza macho.) Nikakaa nje ya mlango nikiangalia ule mstari wa bluu unaopenya chini. Mvua inanyesha ziwani, mimi namwona mtoto wetu anatembea, tayari ana viatu. Nilijisikia vizuri sana siku ile.

Kabla ya kumpa mtu, nikafanya test. Chupa moja ya maziwa yaliyomulikwa, moja ya mabichi. Kesho yake zote zimeganda sawasawa, yaani vijidudu havikufa.

Papa Justin, fundi wetu mkuu, alicheka hadi akakaa chini.

"Petit, maji iko inaacha mwangaza ipite. Maziwa ni nyeupe, mwangaza inaishia pa juu tu. Labda uipitishe nyembamba kama karatasi, na mashini yake. Uko nayo?"

Sikuwa nayo.

Jumamosi Koko alifika mapema, akaikuta taa bado inaning'inia juu ya sufuria.

"Hii ni nini, mukwe?"

Nilikuwa na uongo mdomoni. Nikaliona tumbo la Nabintu, nikasema yote: homa, nesi, mimba ya kwanza. Hatukuwahi kumwambia. Tuliogopa kumuumiza.

"Mulijua, na mukanyamaza?"

"Ndiyo, Koko."

 Akawasha makaa mwenyewe, akamimina maziwa kwenye sufuria, akaiweka motoni.

"Ng'ombe ikikauka, ikauke. Mutoto azaliwe."

Povu lilipopanda, alitaja jina la ng'ombe wake kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi. Nililia, wakuu, sifichi.

Nilichojifunza: taa inafaa kwa maji, lakini juu ya sufuria ya maziwa ni pambo tu. Chemsheni. Na sisi tulimficha Koko ukweli kwa sababu tunampenda, na upendo huo karibu utunyime mtoto wa pili.

Kwenu je, kuna mzee mnayemficha kitu hivyo? Tusimuliane hapa chini.

Binti yetu sasa ana miezi minne. Ng'ombe naye bado anakamuliwa. Koko anasema alimweleza, akaelewa.