Upande wa Jua

Ukitaka kumjua Nabei, mtazame anavyopanda basi. Mimi nimemtazama miaka mingi kutoka mlangoni mwa kibanda changu cha chai, hapa steji ya Lodwar, na kwa kuwa mdomo wangu hauna kufuli, nimemcheka miaka hiyo hiyo.

Watu wengine wakifika hugombea kivuli. Basi la Kitale hupita hapa asubuhi, jua likiwa upande wa mlango, kwa hiyo kila mwenye akili zake hukimbilia upande wa dereva. Wanaochelewa ndio wanaokaangwa njia nzima. Nabei huwahi kuliko wote. Anafika na magunia yake ya samaki wakavu wa Kalokol, anamkabidhi makanga, analizunguka basi taratibu, halafu anakwenda kuketi pale ambapo hakuna anayepataka: upande wa mlango, nyuma kidogo ya katikati, shuka kichwani. Viti vyote viko wazi, yeye anachagua jiko.

"Mama Akiru," nilikuwa nikimwambia, "samaki umeshawakausha. Sasa unataka kukausha nini tena huko juani?"

"Jua haiui mtu, Mama Odongo," alikuwa akinijibu, na hapo maneno yake yalikuwa yamekwisha.

Sababu aliniambia mara moja tu, tena akiwa amesharudi salama kutoka Kitale na anakunywa chai yangu. Zamani alisafiri na kaka yake Etabo. Walipata viti vizuri, upande wa dereva, kivulini, Etabo dirishani. Ukipita Kainuk, vilima viko upande huo huo, na siku ile watu wenye bunduki walikuwa vilimani. Dereva hakusimama. Nabei aliingia Kapenguria akiwa amempakata kaka yake, na tangu siku ile kivuli cha basi anakiogopa kama watu wengine wanavyoogopa nyoka.

Alipomaliza kunisimulia aliniomba nisiyataje hayo mbele ya msafiri. Kwao ubaya wa njia huzungumzwa mtu akishafika. Akiwa bado anakwenda, ukitaja bunduki umeiita. Mimi ni mtu wa kanisa, sikuliamini sana jambo hilo, lakini niliheshimu. Kuna mambo ya watu ambayo hata mcheshi huyapita kwa mbali.

Sasa binti yake, Akiru, akapata nafasi ya kusomea uuguzi Eldoret. Ni mtoto wake wa pekee, msichana mtiifu ambaye ukimtuma chumvi analeta chumvi, si hadithi. Hakuwa amewahi kuvuka Lokichar. Nabei alitaka kumpeleka mwenyewe, ila mguu wake ulikuwa umevimba na hauingii hata kwenye ndara.

Basi la Kitale huanzia Kakuma. Siku ya safari mvua ilikuwa imenyesha milimani, na zile laga, mito yetu ya mchanga isiyo na maji mwaka mzima, zikajaa zote. Basi likakwama ng'ambo tangu alfajiri. Lilipofika kwetu lilikuwa na tope hadi madirishani, na adhana ya adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa.

Kabla yake lilikuwa limeingia lori kutoka kusini. Dereva wake alikunywa chai yangu amesimama. Nilipomuuliza habari za njia, alisema, "Njia iko," akaangalia pembeni, akaacha nusu ya chai kwenye kikombe. Askari wawili waliokuwa wakipiga soga karibu na mimi walikuwa wameacha soga. 

"Kwa nini asiende kesho asubuhi?" nilimuuliza Nabei.

"Kesho ndiyo siku ya kuingia shule. Wakifunga jina, nafasi imeenda."

Alipanda basi kwa mguu ule ule mbaya, akamchagulia binti yake kiti mwenyewe. Upande wa mlango, nyuma kidogo ya katikati. Mimi nilikuwa chini ya dirisha na mfuko wa mandazi ya safari, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Akiru, sikia. Kaa upande ya jua. Watu watakucheka, wacha wacheke. Usihamie kivuli mpaka Kitale."

"Kwa nini, mama?"

"Ukifika nitakuambia."

"Sawa, mama. Upande wa jua."

Jua lenyewe lilikuwa utosini wakati huo, halina upande. Si mimi wala yeye aliyeinua macho. Basi likaondoka, Akiru akitupungia mkono.

Nabei hakwenda nyumbani. Alikaa kwenye benchi langu, mguu juu ya ndoo, simu mapajani. Wateja walipungua. Kivuli cha kibanda, ambacho asubuhi hulala upande wa barabara, kilikuwa kimeshapita nyuma, na miguu yangu ikaanza kuungua pale ninapokaangia. Nilivuta jiko nyuma kama ninavyovuta kila siku. Hata hapo sikuelewa.

Simu ikalia. Nabei huweka sauti kubwa, anataka steji nzima ijue kwamba ana mtoto.

"Mama, tumepita Lokichar," Akiru alisema. "Na nimefanya vile ulisema. Jua limehamia upande wa dereva, na mimi nimehama nalo. Mama mmoja wa Kakuma, anaitwa Nyakong, alikuwa anachomeka huku, nikampa kiti changu. Ameniombea baraka, mama. Hawa wengine wananicheka tu."

Nabei alifungua mdomo, akaufunga.  Mtoto alikuwa bado njiani.

"Mwambie," nilimwambia. Nilikasirika. "Mwambie sasa hivi, Mama Akiru."

"Rudi," alisema. "Akiru, rudi ile kiti ya kwanza."

"Lakini huko sasa ni kivuli, mama. Si wewe ulinikataza kivuli? Na huyu mama amelala, siwezi..."

Sauti ikakatika. Nabei alipiga tena, akajibiwa na yule mwanamke wa mtandao asiye na haraka. Nilipiga namba ya Nanok, makanga wa basi, nikajibiwa na mwanamke huyo huyo. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haituambii kitu kuhusu yule aliyesikia.

Ndipo Nabei akasema. Aliiweka ile simu mdomoni, haina mtu ndani yake, akaitaja bunduki, akavitaja vilima, akalitaja jina la Etabo na upande aliokuwa amekaa. Alisema kwa Kiturkana, kisha akarudia yote kwa Kiswahili, kama kwamba lugha moja ikishindwa kufika nyingine itapenya. Nilimshika mabega. Nilitaka kumwambia kwamba mabasi mengi hupita Kainuk salama kila wiki, na ni kweli hupita, lakini nilimkumbuka dereva wa lori na chai yake.

Tuliketi hivyo, jua likishuka upande ule ule. Sikuuza kitu. Chai ilichemka hadi ikawa nyeusi.

Simu ilipolia, kioo kiliandika Akiru. Nabei alisimama kwa mguu wake ule, akacheka kidogo, akaweka sauti kubwa kama kawaida yake.

Ilikuwa sauti ya Nanok. Nyuma yake wanawake walikuwa wanalia.

"Hapo ni nani?" aliuliza. "Natafuta mama ya huyu msichana. Huyu alikuwa amekaa upande ya jua."